Kimya Kilichotoka Iramba

Mwaka ule shule zilipofungwa kwa sababu ya corona, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kintinku, na papo hapo nilikuwa mwanafunzi. Nilikuwa nimeanza kusoma diploma ya ualimu kwa mtindo wa kujisomea nyumbani: wakati wa likizo tunakwenda chuoni Singida mjini, siku nyingine kila mtu anapambana na vitabu vyake kwake. Chuo nacho kikafunga geti. Nikajikuta sina wa kumfundisha wala wa kunifundisha. Nilikaa barazani na mama yangu tukichambua kunde, redio ikituambia tunawe mikono.

Baada ya wiki kama tatu simu yangu ikaita. Alikuwa mkufunzi wetu. Tulimwita Madam, na nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya kujiandikisha. Nilichokumbuka ni miwani na kitenge cha bluu. Akaniambia ametugawa katika makundi ya watu wanne wanne. Kila kundi litaandika kazi moja kuhusu ushirikiano wa wanafunzi darasani, na alama itakayopatikana ni ya wote wanne. Mimi nimekuwa kiongozi wa kundi letu.

"Madam, mbona hao wenzangu siwajui?" nikamwuliza.

"Ndiyo maana nimekupigia. Hamtaandika hata neno moja mpaka mjuane. Wiki mbili za kwanza kazi yenu ni hiyo, kujuana."

"Tutajuanaje na kila mtu yuko kwake?"

Akacheka kidogo. "Kila siku saa kumi na mbili jioni, popote ulipo, kaa kimya dakika moja huku unarekodi. Usiseme kitu. Halafu tuma kwenye kundi. Wenzako wasikilize, wakisie uko wapi na unafanya nini. Basi."

Nilipokata simu nilimweleza mama. Mama yangu ni Mgogo wa zamani, Kiswahili anakiongea akitaka. Aliendelea na kunde zake, kisha akauliza kwa Kigogo kama hiyo ndiyo elimu niliyofunga safari hadi mjini kwenda kuitafuta.

Kintinku mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Ukitaka ujumbe wa sauti uondoke, ilibidi upande juu ya tuta la reli, nyuma ya mashamba ya uwele. Ndiko nilikokwenda jioni ya kwanza. Nikasimama kando ya reli, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikanyamaza.

Sijui kama umewahi kusimama dakika moja nzima bila kufanya chochote ili mtu usiyemjua apate kusikia mahali ulipo. Mwanzoni niliona aibu, kama mtu anayepigwa picha. Halafu masikio yakafunguka. Uwele ulikuwa umeshakomaa, na upepo ulipopita juu yake ulisikika kama mtu anayekunja karatasi polepole. Mbali kidogo wasichana walikuwa wanafukuza ndege kwa kugonga makopo. Kulikuwa na ng'ombe mmoja. Kulikuwa na jambo jingine pia ambalo sikuwahi kulisikia miaka yote niliyoishi pale: chuma cha reli chenyewe kilikuwa kinalia kidogo kidogo, kinapoa baada ya jua.

Nikatuma. Nikakaa juu ya kokoto kusubiri za wenzangu.

Wa kwanza kujibu alikuwa mama mmoja wa Singida mjini. Alifundisha shule ya msingi, na tangu shule zifungwe alishona nguo kwenye kibaraza cha duka la ukoo wa mumewe, watu wa vitambaa tangu babu. Dakika yake ilikuwa cherehani ya miguu, inakimbia, inasimama, inakimbia tena. Mtu akauliza khanga kwa mbali. Mwishoni kabisa, adhana ya magharibi ikaanza na rekodi ikakatika hapo, katikati ya neno. Nilibaki nimeshika simu sikioni kana kwamba itaendelea.

Wa pili alikuwa kijana wa Mwankoko, ndiyo kwanza ameajiriwa. Yeye tulimsikia akipampu baiskeli, kuku wakigombana miguuni pake, na pikipiki ikapita kwa kasi hadi nikaiondoa simu sikioni.

Wa tatu alikuwa mzee wa Iramba. Jina lake kwenye orodha lilikuwa la kwanza, na umri wake Madam alikuwa ameniambia: amebakiza miaka michache astaafu. Dakika yake ikafika. Nikaifungua. Hakukuwa na kitu.

Nikaongeza sauti. Hakukuwa na kitu. Hata mtu kupumua hukusikia. Nikafikiri simu yangu imekwama, nikaifungua tena, na safari hii upepo wa kwetu ukawa unasikika zaidi kuliko rekodi yake.

Siku zikaenda hivyo. Sasa nikizikumbuka naziona kama siku moja ndefu, yenye jioni nyingi ndani yake. Mchana haukuwa na umbo. Hakukuwa na kengele ya shule wala gwaride la asubuhi. Watoto niliowafundisha nilikutana nao njiani na ng'ombe, wakaniamkia wakiwa mbali, "Shikamoo mwalimu," na mimi nikaitikia nikiwa mbali, halafu kila mtu akashika njia yake kana kwamba tulionana kwenye ndoto. Ila ikikaribia saa kumi na mbili mwili wangu ulijua wenyewe. Nilijitanda khanga nikaenda kwenye tuta.

Zile sauti zikaanza kukaa ndani yangu. Nikilala mchana nilikuwa naingia kwenye nyumba ambazo sijawahi kufika. Niliiona baraza ya yule mama: niliipa sakafu nyekundu, nikaipa pazia la ushanga, nikamweka na kikombe cha chai ya tangawizi kilichofunikwa kisosi. Nilimpa kijana wa Mwankoko mlango wa bati na mti wa mpapai. Hakuna aliyeniambia lolote kati ya hayo. Nikiamka nilikuwa nalijua pazia lile kuliko la kwangu mwenyewe.

Mama naye akazoea. Nikirudi kutoka kwenye reli aliniambia nimfungulie "wale watu wako". Alikuwa anaisalimia simu kabla haijaanza kulia. "Mbukwa," anaiambia, halafu anategea sikio. Cherehani aliipenda sana. "Huyu leo ana haraka," alisema siku moja. "Kuna mtu anataka nguo yake." Nikaandika hivyo kwenye kundi, na yule mama akajibu kwa kicheko kirefu kwamba ni kweli, kulikuwa na bi harusi amekaa mbele yake analia.

Lakini mzee wa Iramba hatukuwa na pa kumweka. Kila jioni alituma dakika yake kwa wakati, tena mara nyingi wa kwanza, na kila jioni ilikuwa tupu. Na wenzake tulipokisia yeye hakukisia. Aliandika tu, "Nimesikiliza. Asanteni."

Siku ya tano kijana akanipigia. "Dada, samahani, lakini huyu mzee anatuzingua. Anaziba maiki kwa kidole halafu anatuma. Ndiyo ushirikiano huo?"

Nikamwandikia mzee kwenye kundi, kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Naomba uangalie simu yako, sauti zako hazisikiki."

Akajibu: "Marahaba mwalimu. Simu ni nzima. Nimetuma."

Jioni ile akatuma tena kimya kilekile.

Mama wa cherehani alimtetea. "Msimvunjie mtu heshima, jamani. Pengine ana mgonjwa ndani. Pengine simu ya mtoto." Mimi nilikuwa nimekwisha kukasirika. Nilikuwa na sababu zangu: nilishafanya kazi za makundi, najua ilivyo kubeba watu mgongoni halafu mnagawana alama sawasawa. Na nakiri kwamba kulikuwa na sababu nyingine isiyo na maana. Nilikuwa nimewapa wengine nyumba, yeye alikuwa amekataa kuingia. Niliona kama anatudharau.

Siku ya nane nikampigia Madam. Nikamwomba amwondoe mzee kwenye kundi letu.

"Umeshaongea naye?" Madam akauliza.

"Nimemwandikia."

"Nimekuuliza umeongea naye."

"Bado, Madam."

"Mpigie kwanza. Ukimaliza kuongea naye, kama bado unataka nimwondoe, nitamwondoa. Sitakuuliza hata sababu."

Nilimpigia siku ileile, kama saa kumi na moja na nusu, nikiwa juu ya tuta. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kichwani kama barua ya onyo. Simu ikapokelewa, na kelele iliyotoka nusura niitupe. Ilikuwa ngurumo, ngurumo ya mashine, na juu yake watoto wanaitana, debe linaburutwa, mwanamke anapiga kelele kwamba huo si unga wake.

"Haloo! Shikamoo mzee!" nikapaza sauti.

"Nani?"

"Mwalimu wa Kintinku! Kiongozi wa kundi!"

"Aa! Marahaba, mwalimu! Subiri! Usikate! Hapa hatusikilizani, nakuja!"

Sikujua anakuja wapi. Nikasubiri. Nilisikia kiti kikisogezwa. Nilisikia akimwambia mtu kwa Kinyiramba jambo fupi. Halafu nikasikia viatu, viatu vya mtu mzima, kwenye changarawe.

Akatembea. Simu ilikuwa mkononi mwake, nadhani aliishusha ubavuni, maana sauti ilikuja na kwenda na mkono. Mashine ikabaki nyuma, ikawa ngurumo ya chini. Mtoto akasema, "Shikamoo babu," akaitikia, "Marahaba, umekunywa dawa?" Mtu mzima akamwuliza habari za jioni, wakasalimiana kama watu wa kwetu wanavyosalimiana, habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za shamba, na mimi huku nikisubiri kwenye kokoto, na hasira yangu ikisubiri pamoja nami. Akaendelea kutembea. Nyasi zikaanza kupiga suruali yake. Akahema, palikuwa na mlima. Jiwe dogo likaporomoka. Ile mashine ikawa kama nyuki ndani ya chupa, kisha kama kitu unachodhani unakisikia. Mbwa akabweka mahali chini sana.

Kisha hatua zikasimama, na kila kitu kikaisha. Nywele zilinisimama, maana pale nilipajua. Nilikuwa nimeingia mahali pale jioni saba mfululizo bila kujua kwamba ni mahali.

"Haya mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. "Sasa tunaweza kuongea."

"Mzee, uko wapi?"

"Niko kwenye mawe. Kuna mawe mawili makubwa hapa juu, katikati yake pana nafasi ya mtu mmoja. Upepo hauingii. Ndipo ninapokuja kurekodi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Kwangu si umesikia? Ukuta wangu na mashine ya kusaga ni ukuta mmoja. Na wajukuu wako tisa sasa hivi, shule zimefungwa, wote wako kwangu. Madam alisema tukae kimya dakika moja tuwatumie wenzetu. Nikajiuliza, kimya nitakitoa wapi? Nikakumbuka hapa. Nilikuwa nakuja nikichunga, utotoni."

Mbele yangu wasichana wa makopo walikuwa wameanza kurudi nyumbani.

"Ila mimi nilikuwa nawaonea huruma," akaendelea. "Nilikuwa nasikiliza zenu, namwambia mke wangu: hawa wenzangu hawana hata pa kwenda. Mmoja cherehani, mmoja pikipiki, mwalimu wa Kintinku yeye upepo na makopo. Nikasema, basi angalau mimi niwatafutie kilicho kizuri. Kuna siku mbuzi alipita, nikarudia kurekodi upya mara tatu."

Nilicheka, na katikati ya kicheko nikaona nalia. Nilimwambia ukweli. Sikuona njia ya kuukwepa mtu akiwa amepanda mlima kwa ajili yangu. Nikamwambia kwamba sisi tulielewa tofauti, kwamba tulidhani anaziba simu kwa kidole, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimemwomba Madam amwondoe.

Kile kimya chake kikarudi, lakini sasa nilimsikia yeye ndani yake.

"Hukukosea," akasema mwishowe. "Ukiniletea gunia halafu halina kitu, hata mimi nitauliza."

"Nisamehe, mzee."

"Nimeshasamehe, mwanangu. Lakini niambie. Mlisikiliza zote?"

"Zote."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, tukitafuta kama kuna kitu."

"Basi mmesikiliza vizuri kuliko watu wa hapa kwangu," akasema, na nikasikia anatabasamu. "Ngoja niteremke. Giza likinikuta hapa mke wangu atasema mengi."

Niliwaeleza wenzangu usiku huohuo. Mama wa cherehani alituma dua ndefu. Kesho yake asubuhi kijana akatuma ujumbe wa sauti ambao bado ninao: "Shikamoo babu. Mimi ndiye niliyesema unaziba maiki. Naomba radhi sana. Leo nitakutafutia kimya na mimi, lakini Mwankoko hii, sijui."

Hapo ndipo kazi yetu ilipogeuka, na hakuna aliyeipanga. Tukakubaliana tubadilishane: sisi watatu tumtafutie mzee kimya, yeye atutumie kelele za nyumbani kwake. Yake ilifika kwanza. Mashine, wajukuu, debe, mke wake akiuliza unamrekodi nani. Tuliisikiliza mimi na mama tukishikana mikono kwa kucheka. Mama wa cherehani alijifungia stoo, katikati ya majora ya vitambaa, na kimya chake kilikuwa kizito, laini, kama cha mtu aliyejifunika blanketi. Kijana alikwenda kwenye ziwa lililo karibu na kwao asubuhi na mapema, lakini ndege wa majini hawakumpa nafasi, akatuma ndege.

Mimi nilizunguka Kintinku siku nzima. Uwele uliongea, reli ililia, mama alikohoa. Mwisho nikachukua funguo, nikaenda shuleni.

Nilikuwa sijafungua darasa langu tangu tufunge. Vumbi lilikuwa limetulia juu ya madawati, na mwanga wa jioni uliingia kwa mshazari kupitia nondo za madirisha ukakaa juu ya vumbi lile. Ubaoni palikuwa na hesabu za kugawanya nilizoziandika mwenyewe siku ile tulipoambiwa watoto waende nyumbani. Moja ilikuwa haijamalizwa. Nikafunga mlango, nikakaa kwenye dawati la nyuma, dogo, magoti yakigusa mbao zake, nikarekodi.

Ile dakika nadhani bado naiishi. Nilikaa mahali wanapokaa watoto nikaangalia mahali ninaposimama mimi. Nikaona jinsi ubao ulivyo mbali. Nikawaona mmoja mmoja, kila mmoja na dawati lake, hata wale wasionyoosha mkono, na sikujua kama nimeota au nimekumbuka. Nilipoangalia simu ilikuwa imerekodi dakika nne. Sikuikata, nikaituma yote.

Mzee wa Iramba alijibu kwa sauti, siyo kwa maandishi. "Mwalimu, hiki chako si kimya. Kuna watoto humu ndani."

Kazi tuliiandika wiki iliyofuata. Kijana aliichapa, mama wa cherehani alisahihisha lugha, mzee alitupa mifano ya miaka thelathini ya darasani, mimi nikaipanga. Hatukupata alama ya juu. Madam aliandika pembeni kwamba tumeandika kama watu wanaosimulia na si kama wanachuo, kwamba nadharia ni chache, na kwamba ameisoma mara mbili.

Vyuo vilipofunguliwa tulikwenda mjini kufanya mtihani. Madawati yalikuwa mbalimbali, ndoo za kunawia mlangoni, watu wamefunika nyuso kwa barakoa za vitambaa. Sikumjua mtu. Nilisimama kwenye foleni ya kunawa, nyuma yangu mwanamke akasema, "Samahani, sabuni imebaki?" na mimi nikageuka kabla sijafikiri.

"Cherehani!" nikasema.

"Reli!" akasema.

Hatukuweza kukumbatiana, tulisimama tu hatua mbili tukipungiana mikono kama watoto. Alikuwa mrefu, nilikuwa nimemfanya mfupi. Baraza yake, aliniambia baadaye, ina sakafu ya saruji ya kawaida na haina pazia lolote.

Baada ya mtihani tukamkuta kijana, kisha kijana akatuletea mzee, mtu mwembamba mwenye koti la suti lililopauka mabegani. Tulipiga magoti kidogo kumwamkia, akaitikia mmoja mmoja. Tukakaa kwenye ngazi za jengo, kila mtu ngazi yake, tukala karanga za kuchemsha alizozileta kutoka kwake kwenye mfuko wa nailoni.

Nilidhani tutaongea sana, na nilikuwa na maswali ya miezi miwili, lakini hatukuongea. Tulikaa pale jua likishuka nyuma ya mawe ya mji, maganda ya karanga yakidondoka. Kijana ndiye aliyetutoa kwenye kimya kile. Aliuliza nani amejibu swali la tano, na mzee akasema yeye hakuliona kabisa, lilikuwa nyuma ya karatasi, na tukaanza wote kusema kwa pamoja.